Naomba Siku Mbili

Likizo ya Juni, Usoke. Kipupwe kimeingia hadi kwenye chaki.
Wenzangu wamepanda treni kwenda kwao,
mimi nimebaki na simu yenye ufa
na bando la wiki, shilingi zilizokuwa za sukari.

Masomo ya masafa, ndivyo wanavyoyaita. Wiki sita.
Mada ya kwanza: Kumpima Mwanafunzi kwa Haki.
Nikacheka. Miaka kumi na saba natoa alama,
leo nifundishwe kalamu nyekundu inashikwaje?

Mtandao wa Usoke haukai nyumbani kwa mtu.
Unakaa ghalani, chama cha msingi,
juu ya marobota ya tumbaku, safu ya nne,
ukigeukia reli.
Huko ndiko darasani kwangu.
Napandia ngazi ya Kapela, karani wa mizani,
ambaye naye anasoma, uhasibu, kwa simu ya mkewe;
na Sista Nyanzala wa zahanati, somo lake ni watoto njiti,
usiku ametoka kuzalisha pacha.
Watu wazima watatu, tumekunja magoti kama kuku walioatamia,
kila mmoja na waya sikioni.

Chini yetu mteuzi anapita.
Anachomoa jani, analinusa, analikunja, anataja daraja.
Sekunde nne.
Msimu mzima wa mtu, sekunde nne,
halafu robota linalofuata.

"Mwalimu Kalunde, unatusikia?"
Nawasikia.
"Mwalimu Kalunde?"
Nawasikia!
"Inaelekea Mwalimu Kalunde hayupo."
Nipo. Nipo juu ya tumbaku ya watu,
nimemnyooshea mkono mtu asiyeuona.

Wiki ya tatu mnara ukalala siku tatu.
Kazi ilitakiwa Ijumaa, saa sita usiku.
Jumamosi nikaandika, nikafuta, nikaandika:
Samahani mkufunzi, huku kwetu mtandao ulikatika. Naomba siku mbili.
Kabla sijatuma nikaisoma kwa sauti,
na sauti haikuwa yangu.

Machi. Dawati la tatu, upande wa dirisha. Lugusi.
"Samahani mwalimu, usiku nilikuwa bani, nachochea moto.
Naomba siku mbili."
Jani likishapandishwa halisubiri;
moto ukizima linakuwa jeusi
na deni la mbolea linabaki palepale.
Hayo nayajua. Karo yangu mimi ilitoka bani.
Nikamwambia: moto wa bani hauji kwenye mtihani.
Darasa likacheka.
Nilikuwa nimekitafuta kicheko kile.
Nikaandika sifuri, safi, ya duara,
utadhani imechorwa kwa bikari.

Mkufunzi alijibu ndani ya dakika kumi:
Hakuna shida, mwalimu. Pole na mtandao.
Maneno sita.
Nikayakodolea macho hadi chaji ikaisha.

"Umefeli?" akauliza Kapela.
Hapana. Nimeongezewa siku.
"Sasa mbona hushuki?"

Julai shule zimefunguliwa. Cheti kitakuja, wamesema,
kwa barua pepe, nikachapishe mwenyewe Tabora mjini.
Nimeomba daftari la Lugusi. Bado linanuka moshi.
Nilijaribu kuifuta ile sifuri kwa mate,
kama tulivyofanya utotoni,
karatasi ikatoboka.
Sasa pana tundu, na ndani ya tundu
unaonekana mwandiko wake wa ukurasa unaofuata.

Nikamwita. Ile kazi ya Machi, nikamwambia, iandike. Nakupa siku mbili.
Akalitazama daftari, akanitazama mimi,
akalitazama tena lile tundu.
"Kuanzia lini, mwalimu?"