Fito Zinagombewa

Nélida Huamaní alirudi bondeni Ica
na mchoro kwapani: maktaba, orofa mbili,
nguzo za chuma, kuta za matete na udongo.

Halmashauri ikacheka.
"Miaka saba Lima, kisha utuletee
kibanda cha bibi yako?"

Hakubishana. Aliwapeleka kwa bibi mwenyewe,
Eulalia, aliyekuwa akimenya viazi
pembeni mwa kiwanja kitupu cha jirani.
Mwaka ule ardhi ilipopiga chafya
tofali la jirani liliua wanne.
Ukuta wa bibi ulicheza, ukarudi,
ukamwaga vumbi kidogo kwenye supu.

"Mavi ya punda," bibi akasema,
"na nyasi zilizovundikwa wiki tatu. Andika."
Nélida akaandika: siku ishirini na moja.

Sasa matete yamo ndani ya fremu,
skrubu mahali pa kamba za ngozi.
Fundi Anselmo hazitaki skrubu,
anasema kamba hujua kulegea.
Kila asubuhi fito zinagombewa,
na kila jioni nyumba imepanda.

Jana lilipita tetemeko dogo.
Ukuta ulikohoa, ukanyamaza.
Bibi hakuinua uso.
"Skrubu," akasema, "zinapiga kelele."