Sauti ya Chumba

Mimi sikuwa na uso katika filamu ile.
Nilikuwa masikio:
mtu wa kusimama nje ya picha, mikono juu,
ameshika fimbo yenye maikrofoni iliyovikwa manyoya,
"paka wako aliyekufa," alivyoiita Badri, mpiga picha,
kila asubuhi, bila kuuchoka mzaha wake.

Chiatura, mwezi wa Februari.
Mji umejibana bondeni, nyumba zimekwea majabali,
na juu yetu nyaya za vigari vya zamani
zimelala hewani, hazibebi mtu.
Mto unapita mweusi kwa vumbi la mgodi.
Nestani aliuza gari la marehemu baba yake
tukapata siku kumi na mbili.
Theluji ikala mbili.
Kamera ya kukodi, Jumatatu saa tatu iwe Tbilisi,
na mwenye nayo si mtu wa kubembelezwa.

Mama wa kwenye hadithi tulimkosa.
Mwigizaji tuliyeahidiana naye alipata tangazo la benki,
akaomba radhi kwa simu, akilia kwa ufundi.
Nestani akashuka ngazi, akagonga mlango wa chini,
akarudi na Tsiala,
aliyekata tiketi za vigari miaka thelathini na mmoja,
na ambaye alitaka kujua jambo moja tu:
"Viatu nivue?"

Mama anampakulia mwana asiyerudi. Anakaa. Analia.
Ndivyo ilivyoandikwa.
Tsiala akapakua maharage. Akakata mkate. Akakaa.
Hakulia.
Mara ya pili, hakulia.
Ya tatu, mbwa wa jirani; nikainua kidole, tukangoja.
Ya nne, Nestani akapiga magoti kando ya kiti,
akamwambia polepole: mfikirie mtu uliyempoteza.
Tsiala akamtazama
kama anavyotazamwa abiria asiye na tiketi.
"Binti yangu, nikimfikiria,
huu mkate nitaukata vipi?"

Akainuka.
Akarudisha maharage sufuriani, kijiko kwa kijiko,
akaiosha sahani ambayo hakuna aliyeichafua,
akaifuta mbele, akaifuta nyuma,
akaiweka juu ya wenzake kabatini.
Badri hakuizima kamera. Ilijizima yenyewe,
betri imekufa, mlango wa kabati haujafungwa bado.
Hakuna aliyesema neno.

Ipo desturi katika kazi hii:
kabla ya kukiacha chumba, kinase kikiwa kimya,
dakika nzima, watu wote wamesimama kama walivyo,
ili mhariri apate kiraka cha kuzibia mishono.
Maana kimya nacho kina ladha, kama maji ya visima,
na cha nyumba hii hakifai nyumba ile.
Basi tukasimama. Friji ikanguruma, ikatulia.
Theluji ikadondoka kutoka paani.
Badri alikuwa na njaa, nililisikia tumbo lake.
Na kwenye sekunde ya arobaini na moja,
chini kabisa, chini ya pumzi:
"Haya, kula."

Ushangi, mhariri, alitaka kuufuta.
Uchafu, alisema. Kimya kimeingiwa na takataka.
Nestani akavaa vipokea sauti, akasikiliza mara mbili,
akavivua.
"Iache."

Matamasha mawili yalitukataa. La tatu halijajibu hadi leo.
Tuliionyesha chini ya duka la vitabu, Tbilisi,
viti vya plastiki, watu kumi na mmoja,
wanne wao ni sisi.
Hita ya gesi ilivuma kama lori kwenye kilima
na sahani ilipofika, ikaoshwa, ikafutwa,
lile neno likapita chini ya mvumo ule
wala hakuna kichwa kilichogeuka.

Kimoja tu.
Tsiala, koti halijavuliwa, mkoba magotini,
aligeuka akanitafuta gizani.
Sikujua nifanye nini.
Nikainua mikono yangu mitupu juu,
kama mtu aliyeshika fimbo.