Nyuma ya Bahasha

Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
nimechora safu tatu:
Ridgeway, Tolliver, Bonde la Chini.
Vyuo vitatu vya wilaya moja, na mimi,
Bernadette Kozlik, miaka arobaini na tisa,
vidole vingali na makovu ya kioo
cha kiwanda kilichofungwa kabla ya theluji.

Ridgeway: ada nafuu, maegesho bure.
(Gari sina. Maegesho nawaachia.)
Brosha yao imejaa meno,
hakuna mwanafunzi aliyefumba mdomo.
Foleni ya uuguzi, miaka miwili.
Nitafika mlangoni
mgonjwa nikiwa mimi.

Tolliver: maabara mpya,
mdoli anayepumua, anayetoka jasho,
anayekufa Jumatatu na kufufuka Jumanne.
Ada mara mbili na ushei.
Karani aliniuliza kama namwandikisha binti yangu.
Nikasema ndiyo,
nikaandika jina langu.

Bonde la Chini lilikuwa duka la samani.
Dari lavuja ngazini; ndoo imewekwa,
na ndoo ina kibandiko cha jina, kama mfanyakazi.
Nafasi ipo. Ada naimudu.
Ila kipindi cha usiku huisha saa nne kasorobo,
na basi la mwisho, namba kumi na nne,
hupita saa nne kasoro dakika ishirini.
Dakika tano. Kisha maili sita za barafu.

Dada yangu Rosalie alinicheka simuni:
mchagua jembe si mkulima.
Sawa, lakini jembe hili nitalilipia miaka sita,
niache niupapase mpini.

Jana nilikwenda kukaa nyuma ya darasa.
Mwalimu Odom, soksi moja kahawia, nyingine buluu,
alikuwa anaeleza vali za moyo,
upi mlango wa kuingia, upi wa kutoka,
mara akafunga kitabu katikati ya sentensi.
Saa ya ukutani: saa nne kasorobo barabara.
Dirishani, saa ya benki:
saa tatu na nusu.

Watu saba wakavaa makoti, mbio kituoni.
Nikabaki. Nikamwambia, Mwalimu,
saa yako inatangulia.
Akafuta ubao polepole, vali moja, vali ya pili.
"Inatangulia tangu walipobadilisha ratiba ya basi.
Fundi tumemwita. Haji."

Nimeigeuza bahasha.
Gesi bado sijalipa.