Tabaka la Tatu

Jumapili, Modena. Ukungu umelala barabarani.
Fosca amefungua friji, baridi yamgusa magoti.
Kushoto parmesani, kipande kigumu cha miezi thelathini,
zawadi ya mavyaa, kimeviringishwa kitambaani kama kichanga.
Kulia rikota, laini,
bado yadondosha maji kikapuni.

"Rikota ni ya keki," husema Bi Argia.
"Lazanya ni nyama, mchuzi wa maziwa, na parmesani. Basi."
Na husema hivyo akiwa amesimama.

Lakini mama yake Fosca, mtu wa Kaserta,
aliipaka rikota kwa mgongo wa kijiko,
akilamba, akiigombeza redio.
Tangu azikwe, Machi,
haijaingia nyumba hii.

Saa tano. Nyama imeiva, mafuta yameelea juu.
Fosca anakuna parmesani kwa wingi, ionekane.
Na katikati, tabaka la tatu,
lisilofikiwa na jicho la mavyaa,
anaficha vijiko vinne.

Mezani Bi Argia atafuna polepole. Kimya.
Uma wake wachimba, wachimbua.
Kisha asukuma sahani:
"Niongeze. Si huko pembeni.
Hapo kati."