Upande wa Kulia

Mama mmoja wa Tabata kaniletea redio yake kubwa ya kanda.
Anasema: haina gitaa.
Nimesikiliza tangu jana, fundi, kila kitu kipo,
gitaa halipo.

Nikafungua mfuniko. Waya wa kushoto umekatika,
mweusi, mwembamba kama unyusi.
Upande wa kulia mzima.

Sixtus Mbawala,
miaka thelathini na ushei nakujua kwa vidole tu.
Tulijazana ukumbini Chang'ombe, mashati yamelowa,
na ulipofika ubeti wa pili tukapayuka: Gitaa! Gitaa!
Tukakukata maneno mdomoni.
Ukainamisha kichwa, ukatupa tulichotaka.
Wapigaji wa Kinondoni walikuja kuvihesabu vidole vyako,
mmoja akaapa kaona cha sita.
Maneno, nani aliyahesabu?

Leo hapa Narung'ombe, muuza masufuria wa jirani kaenda kuswali,
mtaa umetulia kidogo,
nakusikia peke yako.

Sauti yako si nzuri. Niseme kweli.
Ina ukoko,
ule wa chini ya sufuria
tuliougombania utotoni tukausahau wali.
Unaimba kama mtu anayezungumza na mkewe
na watoto wamelala nyuma ya pazia.

Kuna ule wa muuguzi wa zamu ya usiku,
anarudi Mwananyamala alfajiri, viatu mkononi.
Mimi niliucheza ule! Niliruka nao mpaka soli ikabanduka!
Kumbe ndani mna mtoto aliyeondoka saa tisa.
Kifo hukitaji. Unataja shuka,
limekunjwa mara nne,
la tano likagoma.

Halafu lile neno, "deni".
Mwingine angejibu "moyoni", angejibu "jamani",
vina vimepaki pale kama bajaji vinangoja abiria.
Wewe ukavuta pumzi (naisikia, Sixtus, inakwaruza)
ukauacha mstari wazi.
Mpaka sasa mlango huo haujafungwa,
upepo unaingia.

Mgema akisifiwa, wahenga wanasema.
Wewe tulikusifia kibuyu,
tembo lenyewe hatukulionja.
Na bado hukulitia maji.

Waya ni shilingi mia tano. Kuuchomea, dakika mbili.
Saa kumi mama karudi, mkoba begani.
Maisha yangu yote nimewaambia watu njoo kesho
kwa uongo: spea haijafika, lehemu imeisha,
kijana wangu anaumwa.
Leo nimesema njoo kesho
na sikuwa na uongo wa kuongezea.

Akaitazama redio. Ilikuwa bado inasema, chini chini.
Akavuta kigoda.

Hebu rudisha nyuma, akasema.
Hapo kwenye shuka.