Inalia Vipi?

Bi Nzilani ana rangi kichwani, dakika ya kumi na mbili,
na pampu inanguruma kama mbwa aliyefungiwa stoo,
lakini mfereji wangu unatema upepo tu.

"Maji?" ananiuliza, jicho moja kafumba.
"Yanakuja," namwambia.
Hayaji.

Saluni yangu ni karavani. Zamani ililala Mara,
ikabeba wageni na darubini zao.
Leo imeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta, Donholm,
magurudumu mawili juu ya mawe,
na chini ya benchi la wateja, palipokuwa kitanda,
mna pampu isiyozidi kopo la maziwa ya unga.
Hiyo ndiyo inayonilisha.

Nampigia Otiato. Yuko mazikoni, Butere.
Ananong'ona. Nyuma yake kwaya imeshika wimbo.
"Inalia vipi?"
Naweka simu sakafuni, karibu na mlio.
Anasikiliza hadi amina ya watu inampita.
"Umeme unafika. Fyuzi usiiguse,
ingekuwa fyuzi ingenyamaza. Tangi je?"
"Geji inasema nusu."
"Geji ni mwongo wa siku nyingi. Gonga."

Nagonga. Juu panalia debe,
chini pananijibu kwa sauti nzito. Maji yamo.
Niliyanunua mwenyewe Jumatano,
mitungi minane ya mkokoteni, hamsini hamsini,
kwa kuwa mgao ulipita mtaa wa pili ukatusahau.

"Basi inakunywa hewa," asema Otiato.
"Fuata mpira unaotoka tangini kuja kwenye pampu,
si ule wa kwenda mferejini. Mahali fulani pana upenyo.
Pampu ni kama sisi: ikipewa hewa na maji
hufuata kilicho chepesi."

Dakika ya ishirini na moja.
"Mwenzangu, kichwa kinawaka."
Nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
kidole kinapapasa mpira sentimita kwa sentimita:
klipu ya kwanza, kavu; klipu ya pili, ngumu;
halafu kichujio, kifuniko kimekaa upande,
na pete yake ya mpira imechungulia nje kama ulimi.

Niliufungua mimi mfuniko ule, wiki jana,
nikatoa uzi wa ukoga, nikaurudisha mbiombio
mkono mmoja una krimu.
Hilo sikumwambia Otiato.

Nikaifuta pete, nikaigeuza,
nikaipaka vaselini ileile ya kingo za nywele,
nikakaza kwa vidole tu, maana plastiki haitaki ubabe.

Mfereji ukakohoa.
Ukatema mara mbili, kahawia,
ukanyamaza kidogo kunitia hofu,
kisha uzi wa maji, mwembamba, baridi, mfululizo.
Pampu ikaacha kubweka, ikaanza kuvuma.
Hata yeye aliusikia, huko Butere.
"Haya," akasema. "Wacha nikazike."

Dakika ya thelathini na nne.
Nikamwosha Bi Nzilani hadi beseni likatakata.
Akajigeuza kwenye kioo, kulia, kushoto.
"Nilitaka kahawia."
Nywele zilikuwa na wekundu wa matofali.
"Lakini," akasema, "zinanitazama vizuri."
Akalipa pungufu ya mia mbili. Sikubishana.

Usiku nimefunga mifereji yote, dirisha, mlango.
Nimejinyoosha kwenye benchi, kesho kuna bibi harusi saa kumi na mbili.
*Trrr*, imelia chini ya mgongo wangu, mara moja, ikaacha.
Hakuna aliyefungua maji.
Robo saa baadaye, *trrr*.

Pampu haisingizii mtu. Kuna mahali panadondoka.
Nimeamka nikachana karatasi ya choo vipande tisa,
nikatandika kimoja chini ya kila kiungo
kama anayetega panya,
nikazima taa.
Asubuhi nitavipapasa kimoja kimoja,
na kitakacholowa ndicho kitakachosema.

*Trrr.*