Chuma Chenye Njaa

Saa nane usiku, kilima cha Chimwaga,
feni ya kompyuta inahema kama mbuzi mwenye kiu.
Nakokotoa chuma kilichopikwa
nyuzi milioni mbili,
kikabanwa mpaka elektroni ya ukingoni
haijui tena inalala nyumba ya nani.

Nakiuliza: mwanga ukipita hapa, utaumeza kiasi gani?
Hesabu yangu inajibu. Maabara inakataa:
chuma cha kweli kina njaa kuliko changu.
Nimeongeza mistari ya spektra,
nimehesabu hata migongano midogo.
Bado pengo.

Asubuhi nateremka Ntyuka.
Mama Mbeleje, mwenye nyumba, ameanika mlenda juu ya bati,
anaugeuza kwa kiganja, hana haraka.
Mwanga uliomezwa, ukatapikwa,
ukamezwa tena, miaka elfu kwa maelfu,
ndani ya tumbo la jua,
umetoka, na dakika nane baadaye
unakausha mboga.

"Umepata jibu, Lechipya?"
"Bado."
Anabana jani, linavunjika.
"Hili limekauka. La chini yake lina maji.
Na jua ni lilelile."